Nyumba ya Mama Nyuma ya Mumosho

Jumanne, 8 mwezi ya kumi 2024

Nimefika. Nyumba ya papa, huku ku kilima nyuma ya Mumosho, haina hata dirisha moja. Miaka kumi na mbili tangu papa afe na tumuhamishe mama Bukavu. Popo tu ndio wanalala humu. Daktari alisema mama hatamaliza mwaka. Yeye anaomba kitu kimoja: alale tena mu nyumba yake, afie pale. Bon. Nimechukua congé, likizo ya kazi. Mireille, bibi yangu wa ndoa, amecheka sana — Placide, weye hata musumari haujue kupigilia! Kweli. Lakini nani mwengine?

Jumamosi, 12

Mvua. Gari imekatala kupanda, manjanja, mabati ya kuezeka, tumebeba ku kichwa. Fundi Télesphore anasema musingi wa nyuma umeoza. Kila asubuhi ananionyesha ufa mupya, na furaha, kama mutu anayeonyesha picha za wajukuu. Nimechoka naye! Nimechoka na mimi mwenyewe.

Jumatano, 23

Enfin, hatimaye! Mawe ya musingi yalipunguka, nikamwambia Télesphore achukue yale matatu meusi ya mu jikoni. Akauliza kama nimeongea na mama. Nikamujibu: mama atapikia ku mbabula, jiko ya makaa, mambo ya moshi imeisha. Akabeba mawe, akamwanga simenti. Pembe imesimama, paa imekaa juu yake. Leo najisikia mwanaume.

Jumapili, 27

Mama amefika saa nane, wanaume wanne wamemubeba mu kiti. Alikuwa anacheka! Hakutaka kuona chumba, akaenda moja kwa moja jikoni, na fimbo yake.

— Mafiga yangu iko wapi?

Nikamuonyesha pembe. Na kiburi, mujinga mimi! Hakulia. Aliuliza polepole: Placide, nilikufa siku gani?

Télesphore alinivuta kando, akanieleza. Kwetu mama-mukwe ndio anawekea bibi-arusi mafiga matatu, na yanaondolewa siku ile bibi anazikwa. Nikamukaripia: ulijua, ukanyamaza! Akasema, Papa Placide, nilikuuliza. Ndiyo. Aliniuliza. Mimi musomi, mutu ya biro, ya ofisini, ninajua yote.

Nikamwambia mama tutaleta mawe mengine. Akasema mengine yanawekewa bibi ya pili.

Yale matatu yanaweza kutoka, fundi anasema, lakini pembe itaanguka na paa pamoja, na mu hii mvua hatutajenga tena mbele ya Bonane, mwaka mupya. Mbele ya Bonane! Na daktari alisema nini?

Mama amekaa inje, ku kiti, kitenge ku kichwa. Kuingia, hapana. Kurudi Bukavu, hapana. Mvua imeanza. Nimemupa mwamvuli, ameuweka chini. Ninaandika hapa mulangoni kwa sababu sijue mikono yangu ifanye nini. Sina akili tena, nina haya tu.

Télesphore iko ku pembe na nyundo. Mama anatetemeka, ananiangalia. Fundi anauliza mara ya tatu: Papa Placide, nivunje?