Mayai Tumboni

Jumatatu, 5 Julai 1971
Nimepasua matumbo kumi na moja ya samaki leo. Mabuu ya wadudu, ukoga wa mawe, sisimizi mmoja. Hakuna yai. Vidole vimekufa ganzi, ukungu haujainuka tangu juzi. Bwana Ngatia, afisa wetu wa kituo cha samaki, anataka nimwambie kama samaki wadogo wa mto ndio wanaokula mayai ya trauti, samaki wa kigeni tunaowazalisha. Jibu likiwa ndiyo, ataomba dawa iue kila samaki mtoni, kisha tupande trauti upya. Mimi niko kazini kwa majaribio. Mwezi huu nathibitishwa, ama narudi shambani kwa baba. Sitaki kurudi.

Jumatano, 7 Julai
Mitego imetoka mitupu. Nilihitaji ugali wa chambo. Mke wangu Wanjiru amekataa katakata. "Ati chakula cha watoto upelekee samaki? Na nani hapa anakula samaki?" Kwao na kwetu hakuna aliyewahi kuonja. Hata kisu changu cha kazi hakiingii jikoni, kinalala nje na viatu. Tumegombana bure. Kituoni kuna ndoo ya mayai ya trauti yaliyokufa, meupe, hutupwa kila asubuhi. Nimetia konzi moja katika kila mtego. Shida imeisha.

Ijumaa, 9 Julai
Mitego imejaa! Na matumbo yamejaa mayai. Nimepasua thelathini, ishirini na sita walikuwa nayo. Nimekimbia na karatasi hadi ofisini kama mtoto aliyepita mtihani. Bwana Ngatia amenipa mkono mara mbili. Amesema nisiwe na wasiwasi juu ya kazi. Amepiga simu Nyeri kuomba dawa nikiwa nimesimama papo hapo.

Jumapili, 11 Julai
Kanisani, katikati ya maombi, nikaiona ile ndoo. Mayai meupe. Ya matumboni pia yalikuwa meupe. Yai hai la trauti lina rangi ya chungwa, hilo najua tangu wiki ya kwanza. Mimi ndiye niliyewalisha! Jasho lilinitoka, Wanjiru akadhani ni malaria. Mjinga mimi. Mjinga kabisa. Nimewasingizia kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu, 12 Julai
Sikusema. Nilifika mlangoni kwake mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na wageni wa hoteli, wale wa kuvua kwa ndoano. Mara ya pili alikuwa peke yake, nikauliza habari za mvua. Mara ya tatu sikubisha hodi. Naogopa jembe la baba kuliko ninavyoogopa uongo. Ndivyo nilivyo.

Jumanne, 13 Julai
Lori limeleta dawa, madebe sita. Itamwagwa Ijumaa. Watu wa upande wa chini wa mto wameambiwa wasichote maji. Sikula. Nimemfokea Wanjiru kwa sababu ya chumvi, na chumvi ilikuwa sawa.

Alhamisi, 15 Julai
Nimesema. Nilikuwa bado na koti la mvua, maji yakichuruzika kwenye sakafu yake. Nimeeleza chambo, ndoo, rangi, yote. Bwana Ngatia alisikiliza hadi mwisho.

"Muriithi, wameshamwaga. Tangu saa kumi na mbili."

Ati mvua kubwa ingewaharibia kesho, wakatangulia siku moja. Nilishuka mbio. Kuanzia darajani hadi maporomoko, samaki matumbo juu. Nimeokota arobaini nikapasua hapo hapo kwenye nyasi. Mabuu. Mabuu. Mabuu. Hakuna yai hata moja. Nimelia, na sioni aibu kuandika hivyo. Nimemwandikia ripoti mpya, nimetia sahihi. Ameisoma, akaifungia kwenye droo.

Ijumaa, 30 Julai
Barua imekuja. Nimethibitishwa. Inanishukuru kwa uchunguzi makini wa chakula cha samaki wadogo. Wanjiru ameisoma mara mbili, kisha akachinja kuku. Nilikula kidogo. Baadaye nimeshuka mtoni, nikageuza jiwe baada ya jiwe hadi mikono ikauma. Chini yake hakuna kinachotambaa, hata buu moja. Maji ni safi sana. Trauti wachanga wanaletwa kesho, na sijui watakula nini.