Mshipi Uliokatwa Maili 61

KITUO CHA POLISI, KLIPBAAI
Maelezo ya shahidi kuhusu kifo cha Jakobus Diergaardt

Jina: Rosalinde Ganuses
Umri: miaka 22
Kazi: mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa tatu, elimu ya wanyama
Makazi: Hakhaseb, Usakos, kwa sasa hema namba 14, kambi ya Maili 61
Tarehe na saa: 29 Desemba, saa tatu na nusu asubuhi
Mwandishi: Sajenti Hilya Nangombe

Nimekuja kwa hiari yangu. Sajenti amenionya kwamba nitakayosema yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimeelewa.

Naanza na mlio, kwa sababu mlio huo ndio ulionileta hapa. Rili ya mjomba wangu, lile gurudumu la fimbo linalokunja mshipi, ina kikwaruzo kinacholia mshipi unapovutwa kuelekea baharini. Samaki akiondoka na chambo kinalia mfululizo, kama mtu anayefunga zipu ndefu. Jana hakikulia hivyo. Kililia mara tatu fupifupi, kikanyamaza, kikalia tena mara tatu. Tangu jana nausikia mlio huo, hata nikiziba masikio.

Mnamo tarehe 26 Desemba tulifika Maili 61 tukiwa watu watatu: mimi, mama yangu Elfriede Ganuses, na kaka yake, mjomba Gotthard Tsuseb, umri miaka 56, mchomeleaji vyuma wa Usakos. Tunakuja hapo kila mwaka baada ya Krismasi, tangu sijazaliwa. Mjomba hana mtoto. Ndiye aliyenifundisha kutupa mshipi nikiwa na miaka saba.

Jioni hiyo hiyo mjomba alinasa papa wa rangi ya shaba. Alivutana naye saa moja na nusu, akamburura mpaka mchangani, akataka nimpige picha naye. Nilimpiga. Papa aliporudishwa majini alielea tumbo juu. Nilimwambia mjomba, "Huyu umemuua kwa ajili ya picha." Asubuhi ya tarehe 27 nilimkuta anafunga kisu kidogo kwa kamba kwenye bomba la plastiki tunalolichomeka mchangani kushikilia fimbo. Akasema, "Haya, mwalimu. Kabeljou, samaki tunayemtafuta, hutikisa kichwa, unamjua. Ukishika kitu kizito kisichotikisa kichwa, kata. Sitakuuliza kitu." Kwa hiyo kisu kiliwekwa pale kwa sababu yangu.

Tarehe 27, saa kumi jioni, marehemu Jakobus Diergaardt, ambaye wote walimwita Kowie, alifika kutoka Rehoboth na mkewe, Bi. Wilhelmina. Waliegesha gari lao hatua kama mia moja na hamsini kusini mwa letu. Pwani ile mkondo hutoka kusini kwenda kaskazini. Alipotupa mshipi wake ulisombwa ukaja kulala juu ya wetu, na tulichukua karibu nusu saa kuifumua. Naeleza maneno yao kama nilivyoyasikia, kwa sababu najua umeshaelezwa sehemu.

Mjomba alisema, "Bwana wa Rehoboth, huku tunavua, hatufumi sweta."

Marehemu akasema, "Mzee, samaki wa hapa wamekuchoka. Nimewaletea sura mpya."

"Sura hiyo? Ndiyo maana wote wamehama."

"Wamehama wamekuja kwangu. Njoo kesho nikugawie vichwa upike supu."

"Kesho ukinitupia tena juu ya mshipi wangu, nakata."

"Kata, baba. Nina maili nzima ya mshipi kwenye gari."

Walikuwa wanacheka. Baadaye marehemu alituletea mikate ya kukaanga aliyopika mkewe, na mjomba akampa ngisi wa chambo. Watu wawili wa gari la tatu, lililoegeshwa karibu nasi, wamekwambia kwamba walimsikia mjomba akisema "nakata." Hawakudanganya. Ila neno hilo pale ufukweni husemwa mara kumi kwa siku. Mama yangu ameshaniambia mimi. Mimi nimeshamwambia mjomba. Sijawahi kumwona mtu akilichukulia kama tishio.

Jana, tarehe 28, tuliamka kwenye ukungu. Saa mbili na nusu asubuhi nilitupa fimbo ya mjomba, yenye mshipi wa rangi ya chungwa na chubwi la risasi la kuzamishia chambo, analolisubu mwenyewe, lenye herufi G. Niliichomeka kwenye bomba. Niliweza kuona wimbi la kwanza tu, baada ya hapo ni weupe. Mjomba alikuwa nyuma ya gari, hatua kama arobaini kutoka nilipokuwa, anachemsha kahawa. Mama alikuwa amelala hemani. Bahari ilikuwa na kishindo kikubwa. Kama mtu aliita, sikusikia. Nimejiuliza mara nyingi na jibu langu ni hilo, sikusikia.

Saa mbili na dakika hamsini kikwaruzo kililia kama nilivyoeleza. Nilitazama saa kwa sababu mjomba hutaka tukumbuke saa samaki wanapokula. Niliinua fimbo. Kulikuwa na uzito mkubwa. Haukutikisa kichwa. Ulivuta, ukalegea, ukavuta. Niliushikilia kwa muda wa dakika mbili hivi.

Hapa naomba niandikwe sawasawa. Niliona kwamba uzito ule haukimbii. Papa hukimbia, hata aliyechoka. Huu ulikuwa umening'inia tu, unasogea kaskazini polepole pamoja na mkondo. Niliona, na nikajua kwamba nimeona. Lakini nilikuwa na jibu langu tayari, la kitu kizito kisichotikisa kichwa, na sikutafuta jingine. Nilifikiri papa amejizungushia mshipi, na kila dakika ninayoshindana naye inamuua.

Nilichukua kisu nikaukata mshipi karibu na ncha ya fimbo. Nilisema kwa sauti ndogo, "Nenda zako." Nilifurahi. Hilo nalo liandikwe.

Mjomba aliuliza kutoka nyuma ya gari, "Mshipi umekatika?"

Nikamjibu, "Umekatika."

Sikuwa na sababu kubwa ya kusema hivyo. Alikuwa ameahidi kwamba hatauliza, lakini nilijua atanitania siku nzima, mwalimu na papa wake. Nilitaka kunywa kahawa kwa amani. Akasema, "Pole, mama. Njoo unywe hii ikiwa moto." Nilikwenda nikanywa.

Saa tatu na robo Bi. Wilhelmina alitokea kwenye ukungu akiwa amejifunga shuka mabegani. Aliuliza, "Kowie yuko kwenu? Kahawa yake inapoa." Alisema mumewe alikuwa ameingia majini na suruali yake ya mpira, ile inayofika kifuani, ili asimame juu ya fungu la mchanga na kutupa mbali. Yeye mwenyewe alikuwa amelala garini na hakujua ni muda gani umepita.

Mjomba alikimbia akaingia majini na nguo zake mpaka kifuani, akimwita marehemu kwa jina. Mama aliamka kwa makelele, na yeye, Bi. Wilhelmina na mimi ndio tuliomtoa mjomba. Mara mbili alirudi ndani. Mimi niliendesha gari mpaka ofisi ya kambi kupiga simu. Nilifika saa tatu na dakika thelathini na tano. Njiani sikuwaza kabisa kuhusu mshipi. Nilianza kuwaza nilipokuwa narudi.

Ukungu uliondoka saa tano na dakika ishirini. Waokoaji walikuwepo, na wewe pia, Sajenti. Saa tisa na dakika arobaini alasiri mwili wa marehemu ulipatikana kilomita nne kaskazini. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto palikuwa na mshipi wa rangi ya chungwa, umezungushwa mara tatu, na kwenye ncha yake chubwi lenye herufi G. Naamini aliuzungusha mwenyewe ili usimponyoke. Alikuwa mvuvi. Alijua mshipi unamfikisha kwa mtu.

Uliweka chubwi lile juu ya boneti ya gari lako ukauliza ni la nani. Mjomba alisema ni lake. Ulimwambia alete fimbo. Aliileta, akashika ncha ya mshipi uliobaki akaitazama. Mshipi uliokatika kwa kuvutwa hunyauka na kujikunja kwenye ncha. Ule ulikuwa umekatwa safi. Mjomba anajua tofauti hiyo akiwa amefumba macho. Alinitazama kwa muda mfupi sana, sidhani kama kuna mtu mwingine aliyeona. Kisha akakwambia, "Niliukata mimi. Nilidhani ni papa."

Ulimuuliza kama siku iliyotangulia alisema atakata. Akajibu, "Nilisema, ndiyo." Hakueleza kwamba ulikuwa utani. Nafikiri aliogopa kwamba akianza kueleza utaendelea kuuliza, na maswali yatafika kwangu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenu. Nilikaa kimya. Ulimchukua saa kumi na moja na dakika hamsini, na nilikaa kimya mpaka gari likatoweka.

Saa moja na nusu jioni mama alirudi kutoka hapa kituoni, alikompelekea mjomba blanketi na mkate. Aliniambia, "Mjomba wako anasema yeye amekula chumvi ya kutosha. Anasema wewe umebakiza mwaka mmoja wa chuo. Usiende kituoni."

Nilimuuliza, "Na wewe mama, unasemaje?"

Akasema, "Mimi ni dada yake, na ni mama yako. Usiniulize mimi."

Alianza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Sikumuuliza tena.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilitembea mpaka kwenye gari la Diergaardt. Shemeji yake alikuwa njiani kutoka Rehoboth kuja kumchukua Bi. Wilhelmina. Mama huyo alikuwa peke yake, anajaribu kuzitenganisha fimbo za mumewe, na hakujua zinavyofunguliwa. Nilimfungulia mbili. Ya tatu niliiweka chini bila kuifungua. Nilimwambia, "Mama, aliyekata mshipi ni mimi. Jina langu ni Rosalinde Ganuses. Mjomba alikuwa nyuma ya gari na hakuona kitu."

Alisema, "Mjomba wako amewaambia polisi ni yeye."

"Ananificha."

Alikaa juu ya boksi la barafu. Aliniuliza, "Kwa hiyo alipoushika alikuwa hai."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa upande huu wa mshipi."

"Ndiyo."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Nilimwacha anitazame. Alisema, "Usiku kucha nimemlaani mzee wa watu." Hakunitukana, na hakusema amenisamehe, wala sikumwomba. Aliinuka akashika pembe mbili za turubai lao, akaninyooshea mbili zilizobaki, tukalikunja pamoja na kulitia garini. Kisha akasema, "Sasa nenda." Nilimwandikia jina langu, anwani ya nyumbani Usakos na namba yangu ya simu, nikamwachia karatasi.

Umeniuliza, Sajenti, kwa nini nilikwenda kwake kabla ya kuja kwako. Ni kwa sababu najijua. Nilijua kwamba nikikaa mbele ya meza hii, na wewe ukawa mtu mwema kama ulivyo, nitatafuta neno laini la kupitia, na nitalipata. Kwa hiyo nilihakikisha kwamba yupo mtu mmoja anayejua tayari, ambaye siwezi kumrudia na kumwambia nilikosea. Nimeshamwambia.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatenda mwenyewe. Nimesomewa yote, nami nayakubali kuwa yangu.

(Saini) R. Ganuses

Maelezo haya yameandikwa nami na kusomwa kwa shahidi kwa lugha anayoielewa. Kwenye aya inayohusu kukatwa kwa mshipi nilikuwa nimeandika "kwa bahati mbaya." Shahidi alisema hakutamka maneno hayo na akaomba yafutwe. Yamefutwa, na sote wawili tumetia saini pembeni. Yamekamilika saa tano na dakika kumi asubuhi.

(Saini) Sajenti H. Nangombe