Sitaomba Msamaha kwa Kumtoa Espoir

Dada Nekesa,

Nianze kwa kukujulia hali. Mgongo wako umepoa, au bado unainama shambani kama hukuambiwa upumzike? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima, ila mvua ya Birmingham haina adabu, inaingia hadi kwenye viatu vilivyo kabatini. Mke wangu Naliaka akirudi kutoka zamu zake za uuguzi kule Edgbaston, hata chai hamalizi kabla ya kusinzia.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Dakika tisa, Dada. Nimeusikiliza mara mbili na mara zote umemalizia na hili: "Wafula, rudi kwa huyo mzungu umpigie magoti akurudishie kazi." Nimeamua kukujibu kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Barua hii ataileta shemasi wa kanisa letu anayekuja likizo. Tafadhali isome mpaka mwisho ndipo unipigie kelele.

Kwanza, nakuomba kwa mara ya mwisho uwaambie watu wa huko kwamba mimi si kocha wa soka. Tangu mchungaji atangaze kwamba nafundisha timu ya ligi kuu ya Uingereza, simu yangu haipumui. Kila kijana wa Webuye anataka nimtafutie majaribio. Mchezo wangu ni ule wa Wamarekani. Mpira wake umechongoka ncha mbili kama wa raga, unabebwa mkononi, na wachezaji wanavaa kofia ngumu kwa sababu wanagongana kama fahali. Nilitoka kwenye raga ya shule nikaenda Ujerumani, nikalipwa kuucheza misimu mitatu, kisha nikaja hapa nikaufundisha miaka sita. Nimeshakueleza haya mara ngapi?

Sasa kuhusu kufutwa. Umesikia kwamba nilimtukana mwenyekiti wa timu. Sijui nani alikuambia. Sikumtukana mtu.

Tulikuwa kwenye nusu fainali. Mchezaji wetu bora ni kijana anaitwa Espoir, mzaliwa wa Bukavu kule Kongo aliyekulia Saltley hapa mjini, ana miaka ishirini na miwili. Akishika mpira humkamati. Siku hiyo walikuja wazungu wawili wa klabu moja ya Ujerumani kumtazama, na niliyewaandikia waje ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimewabembeleza tangu msimu uliopita, kwa hiyo usiniambie sikujua nilichokuwa nakitupa.

Katika robo ya tatu ya mchezo Espoir akagongwa, akaanguka chali. Aliinuka haraka, watu wakapiga makofi, kisha akatembea moja kwa moja akaenda kujipanga na wapinzani. Wenzake wakacheka wakidhani ni mzaha. Nikamwita kando.

"Espoir, tuko robo ya ngapi?"

"Ya pili, coach. Niko sawa. I'm good."

Nikaichukua kofia yake nikaikumbatia. Aliniomba kwa upole, halafu kwa hasira, halafu akaanza kulia. Mwenyekiti akateremka kutoka jukwaani akiwa na mwavuli wake, akaniambia nimrudishe, kijana amesema mwenyewe yuko sawa, na wageni hawakutoka Ujerumani kuja kutazama benchi. Nikamwambia hachezi tena leo. Akauliza timu ni ya nani. Nikamwambia timu ni yako, lakini kichwa si chako. Hilo ndilo tusi langu lote.

Tulifungwa. Jumatatu nikaitwa, nikaambiwa nirudishe funguo za stoo.

Ungedhani angalau mama yake Espoir angenishukuru. Alikuja mlangoni kwetu Jumanne na kanga yake ya kanisani, akakataa kuketi.

"Kocha, ulimutoa mutoto yangu juu ya nini? Ile siku njo bazungu balikuya kumuangalia. Mungu alitupatia mulango, weye ukaufunga. Sasa abaki anabeba makartoni mu depo?"

Nikamweleza kuhusu kichwa. Akanijibu kwamba kichwa amekizaa yeye, na hospitalini wamekipiga picha wakasema hakina kitu. Ni kweli. Walimwambia apumzike siku chache tu. Wale Wajerumani wakamchukua mkimbiaji wa timu iliyotufunga. Kwa hiyo nimekosana na mwenyekiti, na Espoir, na mama yake, na wewe, na hakuna hata karatasi moja ya daktari ninayoweza kuinua nikasema mnaona. Nimechoka kujieleza, Dada. Kila mtu ananitazama kama mtu aliyezima jiko watu wakiwa na njaa.

Wiki mbili baadaye mwenyekiti akaniletea barua. Nirudi kazini, lakini kwanza nitie sahihi kwamba nilikosea kumtoa. Karatasi ilikaa mezani siku nne. Naliaka akaniambia, "Ukitia sahihi nitakuelewa, usipotia nitakuelewa pia. Ila acha kuzunguka sebuleni, unamaliza zulia." Siku ya tano nikairudisha bila sahihi, na kazi akapewa msaidizi wangu.

Sasa nitakuambia kwa nini, na hili sijawahi kumwambia mtu isipokuwa Naliaka.

Ninyi nyote mnaamini niliacha kucheza kwa sababu ya goti. Haikuwa goti. Msimu wa tatu kule Ujerumani niligongwa kichwani. Daktari wa timu akaniuliza tuko mji gani. Sikujua. Nyuma yake kulikuwa na bango la duka lenye jina la mji, nikalisoma kwa sauti, akanipiga begani akanirudisha uwanjani. Nikagongwa tena kabla mechi haijaisha.

Wiki iliyofuata sina kabisa kichwani. Imekatwa. Na ndiyo wiki aliyofariki mama.

Ulinipigia Jumatano kunipa habari. Mwenzangu wa chumbani aliniambia baadaye kwamba tulizungumza karibu saa nzima, kwamba nililia, nikakuuliza maswali na wewe ukanijibu yote. Alhamisi asubuhi, anasema, nikakupigia nikiwa mchangamfu, nikakuuliza mama ameamkaje.

Ulikata simu. Najua ulidhani nilikuwa nimelewa. Kwenye mazishi uliniambia ukiwa umegeuza uso kwamba pombe za Ulaya zimenila utu, na nikakaa kimya. Mwanzoni nilinyamaza kwa sababu mchezaji akijulikana kichwa kimeguswa hapati mkataba, na mimi nilikuwa bado nautaka. Baadaye mkataba ukakosekana hata hivyo, maana kila nikikimbia uwanja uliinama upande mmoja. Hapo nikanyamaza kwa aibu. Miaka ikapita, na uongo wa goti ukawa umezoeleka hata na mimi mwenyewe.

Kwa hiyo Espoir aliponiambia robo ya pili, sikukaa kupima faida na hasara. Ningemtoa hata mbele ya Wajerumani mia.

Kwa sasa namsaidia mwalimu wa michezo katika shule moja Shard End. Watoto wananiuliza kila siku kama hii ni raga, na kila siku naanza upya. Espoir nilimwona Alum Rock Road Jumamosi nilipokwenda kununua unga. Alivuka barabara asinisalimu. Lakini alivuka vizuri, akatazama kulia na kushoto, na jina la dada yake aliyekuwa naye alilitaja bila kusita. Nilisimama na unga wangu nikasikiliza.

Msalimie shemeji, umwambie dawa ya kikohozi aliyoagiza iko ndani ya mfuko wa shemasi. Msalimie binti yako mkubwa, nasikia anakaribia kumaliza chuo cha ualimu. Msalimie mjomba aliyetulipia karo, na shangazi mdogo pale sokoni. Mchungaji pia msalimie, na arekebishe tangazo lake.

Nina ombi moja tu. Yale uliyonijibu siku ile ya Jumatano, kuhusu saa za mwisho za mama, aliyemshika mkono ni nani, na kama alisema neno, mimi sinayo. Nimeyabuni mwenyewe miaka yote hii. Ukiweza, niandikie, hata kama bado umenikasirikia kuhusu kazi. Usinipigie. Nataka yawe kwenye karatasi, mahali ambapo hayatanipotea tena.

Mdogo wako,
Wafula