Ngozi Iliyoshika Nje Tu

Yakobi, Njombe

Mjukuu wangu Neema,

Kamwene. Sisi wazima, babu yako anavuna viazi huku akiilalamikia baridi.

Umeniuliza kwa nini dawa unayoitengeneza inanasa protini za uvimbe kwa nguvu pembeni, lakini katikati haifiki. Uvimbe siujui. Ngozi naijua.

Nikiwa msichana, Mzee Salum, mtengeneza ngozi wa Makambako, alinipa kazi ya kuloweka ngozi za ng'ombe kwenye maji ya magome ya miti ya miwati, zisioze. Tulizoea kuanza na maji mepesi, makali baadaye. Siku hiyo akaniambia, "Binti, anza na makali, wateja wananisubiri."

Ngozi ikatoka nyekundu, ya kupendeza. Alipoikata, katikati ilikuwa mbichi, inanuka.

"Imejifungia mlango," akasema taratibu.

Dawa ya magome ilishika pale ilipogusa kwanza, ikaizuia nyingine kupita. Labda yako nayo ishike kidogo, iachie, isogee. Jaribu, kisha uniambie.

Na ukija likizo, usiishie mlangoni na begi begani kama mwaka jana. Ingia mpaka jikoni.

Bibi yako