Nilichokitoa Nyuma ya Droo ya Gari

Mpendwa bibi,

Shikamoo. Itikia kwanza, ndipo shangazi aendelee kukusomea. Na wewe shangazi, soma yote, usiruke penye aibu. Aibu ni yangu, wewe unaazimwa mdomo tu.

Bibi, toka asubuhi siketi nikaketika. Naandika mstari mmoja, nainuka, natoka uani kulitazama gari la mama, narudi. Mama kanitazama weee, mwisho kasema, "Wewe una nini? Kuku anayetafuta pa kutaga ana utulivu kukushinda." Nikatoka tena uani. Na unajua mwenyewe, mjukuu wako akikosa jibu, huyo anaumwa. Mimi niliyeishia kidato cha pili lakini nasema kushinda mawakili, leo maneno yananikimbia.

Barua hii naiandika wazi, isomwe Tanga mjini, isomwe na Kigombe, kwa sababu nililokutendea nililitenda mbele za watu. Nikikuomba radhi chumbani nitakuwa nimekuibia mara ya pili.

Unakumbuka safari zetu za harusi? Nusu ya wake wa pwani hii wewe ndiye uliyekuwa somo wao, wewe ndiye uliyewakalisha ndani ukawafunda, na dereva wako alikuwa mimi. Tangu nilipotoka jandoni uliniita mume wako. Unapanda mbele, unafunga mkanda juu ya buibui, unanigonga goti: "Mume wangu, twende taratibu, pilau haina miguu." Nami nakujibu, "Mke wangu, mahari yako sitaimaliza kwa mwendo huu wa kobe." Wale vijana wa kituo cha mafuta walikuwa wakiacha kazi watusikilize.

Ila gari lilikuwa linanuka, bibi, tuseme kweli. Mama alikuwa akibebea dagaa toka Kigombe kila juma. Siku moja unateremka penye shughuli, mwanamke mmoja akauliza, "Nani kaja na dagaa harusini?" Ulicheka pamoja nao. Lakini mimi nilikuona pembeni, unanusa pindo la kanga yako kwa siri.

Hapo ndipo nikaamua kutumia akili yangu, na akili yangu unaijua, ni nyingi kuliko kichwa. Nikachukua chetezo chako, makaa ya moto, udi na ubani kiganja kizima, nikakiweka juu ya sinia sakafuni mwa gari. Madirisha nikayafunga yote. Nikawasha injini, nikawasha AC, nikabonyeza na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kwa ndani, moshi uingie kila tundu. Kisha nikasimama nje, mikono kiunoni, kama mimi ndiye niliyeliunda gari. Nilifanya hivyo Ijumaa tatu mfululizo.

Ulipopanda ukasema, "Mashallah, mume wangu! Leo humu mnanukia kama chumba cha bibi harusi." Nilivimba mpaka mkanda ukanibana.

Sasa ile siku ya Kigombe. Jua kali, AC nimeifungulia mpaka mwisho, najisifia njia nzima. Tulipoipita Tongoni ukaanza kukohoa. Ukaziba mdomo kwa kanga. Ukasema, "Nifungulie dirisha, mwanangu." Hukuniita mume. Nami nikakujibu, "Dirisha la nini na AC ipo? Huo ni uzee, bibi." Nikaipeleka hewa ikutazame usoni. Bibi, hewa ile niliielekeza mimi, kwa mkono huu ninaoandikia.

Tulifika ukiwa huvuti pumzi kamili. Wakakulaza kwenye mkeka kibarazani na ile dawa yako ya pumu ya kuvuta, na mwari yumo ndani anakungoja. Akatafutwa mwanamke mwingine aingie badala yako. Nami, badala ya kunyamaza, nikasimama mlangoni mbele ya wanawake wote: "Tafuteni somo mwingine siku zote! Huyu wangu kaisha!" Wakacheka. Nilidhani ni utani wetu ule ule. Wewe ulitazama ukuta.

Wiki mbili baadaye ukafunga mzigo wako, ukavuka kwenda Pemba kwa shangazi. Nilipomuuliza mama ulisema nini, alinijibu, "Kasema mtoto kanena kweli."

Neno hilo ndilo linalonifukuza kitini.

Na juzi Zaituni kakupigia simu. Mjukuu wako wa kike anaolewa, bibi, dada yangu mwenyewe, na hataki kufundwa na mtu mwingine. Ukamwambia, "Kifua changu hakinibebi. Tafuteni somo mwingine." Alipokata simu alilia, mimi niko hapo hapo natazama miguu yangu. Yalikuwa maneno yangu, toka kinywani mwako.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita nilimpeleka Kigombe abiria mmoja, binti wa Raskazone. Mwanafunzi, mcheza netiboli, kila alfajiri anakimbia. Jua kali, AC nimeifungua. Tulipoipita Tongoni akaanza kukohoa. "Kaka, humu mnafukiza nini? Mna harusi au msiba?" Jibu langu lilikuwa tayari ulimini: huo ni uzee. Nikamtazama. Miaka kumi na tisa! Jibu nikalimeza, bibi. Nikafungua madirisha yote manne, tukaenda hivyo mpaka Kigombe.

Nilipofika nyumbani sikwenda kwa fundi. Fundi wa nini, na mimi nipo? Ile droo iliyokuwa mbele ya magoti yako, uliyokuwa ukiwekea tambuu, niliiminya ubavu huku na huku ikaanguka yenyewe. Nyuma yake kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Nikakivuta, ikatoka filta ya AC, yale makaratasi yaliyokunjwa kunjwa ambayo hewa yote ya ndani hupitia kabla haijafika puani. Huuzwa nyeupe. Hii ilikuwa nyeusi kama chungu cha kuni. Ilikuwa na majani ya mwarobaini, unyoya, nyenje mkavu, magamba ya dagaa, na moshi wangu wa Ijumaa tatu umegandamana humo kama lami. Niliinusa mara moja tu, nikakohoa mpaka mama akatoka jikoni.

Hewa uliyokuwa ukivuta ilipita humo, bibi. Mimi ndiye niliyeitia sumu, kisha nikasema umezeeka.

Nilinunua mpya. Muuzaji akanionya, "Mshale uelekee chini, hewa inakokwenda." Nikamwambia asinifundishe. Nikaipachika mshale juu, kwa sababu mimi kitu kizuri nakitazamisha juu, nikawa nishairudisha droo. Basi nikakumbuka kujua kwangu kulikotufikisha, nikaitoa, nikaigeuza. Kabla ya hapo nilifuta tundu lote kwa kitambaa kibichi na kuacha milango wazi siku mbili. Chetezo chako nimekirudisha kwa mama. Dagaa sasa wanapanda guta la magurudumu matatu.

Nikamkalisha mama mahali pako, madirisha juu, AC ya mwisho, tukaenda mpaka Tongoni na kurudi. "Unasikia harufu gani?" Akanusa, akanusa tena. "Sisikii kitu." Sijawahi kusifiwa hivyo maishani, na nimesifiwa sana, hasa na mimi mwenyewe.

Jana nimekwenda Kigombe. Nikasimama mlango ule ule, wanawake wanachambua mchele, nikawaeleza yote, moshi na filta na dirisha nililokunyima. Walicheka mpaka ungo ukamwagika. Mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo somo wetu mzima, kibovu ni kichwa chako?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Basi mwambie mwenyewe. Sisi si masikio yake."

Ndiyo nakwambia. Pumu yako umeishi nayo tangu mama hajazaliwa, na wari umewafunda nayo. Haikukushinda. Aliyekushinda siku ile ni mimi na makaa yangu. Hujaisha, bibi. Niliyasema yale kwa kutojua, na mbaya zaidi, kwa kujifanya najua.

Zaituni anakungoja, siku zimekaribia, nami kila nikisikia honi ya boti natoka mbio kama mwehu. Njoo. Utakaa mbele, na dirisha liko mkononi mwako, hutamwomba mtu.

Lakini kama huji, naomba jambo moja tu: usimwambie Zaituni ni kifua, wala usiseme ni uzee. Mwambie umenikasirikia mimi. Hilo ni la haki na nitalibeba. Lile jingine nilikubebesha mimi, na si lako. Litue.

Mjukuu wako,
Salimu