Chapa ya Baba Shingoni mwa Joka

Keza, Ngara

Mayu wangu,

Shikamoo. Najiitikia marahaba mwenyewe kwa niaba yako, maana Kabula anayekusomea ana haraka na ataruka salamu. Kabula mdogo wangu, usiruke. Soma polepole, na ukifika katikati umshike mama mkono.

Mimi mwili ni mzima. Goti lako je? Bado mnagombania maji ya tope na ng'ombe? Hapa mvua inanyesha mpaka inaudhi, nguo hazikauki, na kila nikiona inavyomwagika bure kwenye migomba naona ndoo zako tupu na roho inaniuma.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaiweka spika kijiji kizima kisikie. Habari hii si ya kijiji.

Mayu, joka haliji.

Unakumbuka mapatano. Mjomba alitoka Biharamulo akanipokea Nyakanazi, akanileta kwa Mama Skolastika, mjane anayefuga majoka kwenye migomba yake. Nimchungie mwaka mzima, naye anipe ndama wa joka nije naye nyumbani. Na wewe, kwa goti hilo hilo, ukachimba shimo la kumlaza nyuma ya zizi.

Kwetu tunasimulia kwamba joka linatema moto. Uongo mtupu! Haya ya huku ni ya maji. Likilala mahali, udongo unatoa jasho. Likipazoea, chemchemi inatoka. Mabawa yake ni ya kujifunika tu, na likisikia moshi wa jikoni linakwenda kujibanza migombani huko linatetemeka. Ningelitafakari hilo la moshi, leo nisingekuwa naandika hivi.

Ndama wangu alipozaliwa nilikupigia, mkapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Ukasema, "Mtie chapa mapema mwanangu, huko ugenini watakubadilishia." Ukanitumia chuma cha baba, nikakipokea Nyakanazi kwa kondakta kikiwa kimefungwa kwenye khanga yako. Ndicho kile kilichoniunguza kiganja nikiwa mdogo, nilipokishika nikidhani kimepoa. Nilikinusa, mayu. Bado kilikuwa na harufu ya zizi letu.

Jumapili Mama Skolastika akaenda misa. Nikawasha moto nyuma ya nyumba, nikamlaza ndama kama tunavyowalaza wa ng'ombe, goti ubavuni. Ubavu una magamba, chuma hakishiki. Nikatafuta palipo laini, nikampiga chapa chini ya shingo. Hakulia. Alinitazama tu.

Mama Skolastika alirudi rozari ikiwa bado mkononi.

"Yezu na Maria! Masunga, umefanya nini?"

"Nimemtia chapa, mama. Asije akapotea."

"Apotee aende wapi? Joka limepotea lini hapa?"

Nikamwambia hakuna aliyenikataza. Akakaa chini kwenye matope na gauni lake la kanisani. "Nani angekukataza?" akasema. "Hapa tangu tuzaliwe hatujaona mtu anayechoma kitu chake mwenyewe."

Ndipo akanieleza. Ndama wa joka hazaliwi akiwa na maji. Mama yake humlamba pale chini ya shingo kila asubuhi mpaka ngozi inafunguka, maji yanaanza kupita. Mimi nilikuwa namwona akilambwa, nikadhani anasafishwa, kama ng'ombe anavyomlamba wake. Asubuhi iliyofuata mama yake alimnusa pale penye chapa, akarudi nyuma, hakumgusa tena. Kovu limeziba. Hatatoa hata tone.

Usijilaumu, mayu, nakuomba. Ulinituma kama mke wa mfugaji, nami nikafanya kama mtoto wa mfugaji. Nyumbani kwetu lingekuwa jambo la busara.

Mama Skolastika hakunifukuza, na heri angenifukuza. Alisema, "Nenda kwenu. Huyu mwache tu, atakauka mwenyewe." Nikaenda kweli. Nimefika Nyakanazi, tiketi mfukoni, nimekaa kwa mama ntilie nangoja basi, likaja kuegesha lori la ng'ombe. Mmoja kalala chini, wenzake wanamkanyaga, na chapa ya mwenye ng'ombe inaonekana pajani. Nikamkumbuka baba alivyombeba yule mtamba aliyevunjika mguu, kutoka malishoni mpaka nyumbani, watu wanamcheka. Alisemaje? "Mwenye chapa yetu haachwi njiani." Wali ukanishinda, nikaacha sahani, nikatafuta gari la kurudi.

Nilimkuta ndama mlangoni kwangu, amelala juu ya shati langu kuukuu, ngozi imekauka inapasuka. Mama Skolastika alikuwa amemwekea maji, hakunywa. Mkono wangu alipousikia, akanywa.

Basi ndiyo kazi yangu sasa. Nammwagia maji shingoni asubuhi na jioni, kwa kuwa mama yake hamlambi. Nikimleta huko kwenye ukame atakufa kabla hatujafika. Nikimwacha hapa atakufa pia. Nilimuuliza Mama Skolastika joka linaishi miaka mingapi. Akaniangalia kwa huruma, akasema hajawahi kusikia joka lililozikwa na mtu aliyeliona likizaliwa. Basi nami siji, mayu.

Nisalimie kaka mkubwa na shemeji, waambie nimeona picha ya mtoto, amechukua pua yetu, pole yake. Shangazi anayeniombea kila jioni asichoke. Shimo lile kaka alifukie, ng'ombe wasije wakavunjika miguu.

Chuma nakirudisha na barua hii, kwenye khanga yako ile ile. Najua utakasirika, na kwa kukasirika unaweza kunyamaza mwaka mzima, nakujua. Lakini usininyamazie, mayu. Kiganja changu bado kina alama ya chuma hicho.

Mwanao,
Masunga