Kitambaa cha Kufunikia Sinia

Jumamosi, 10 Mei 2025

Assalamu alaikum, daftari langu. Hujambo? Mimi na Hashimu wangu wazima, alhamdulillah, ila mgongo bado. Siku nne sijakuandikia. Mpunga unakomaa na ndege hawa kwelea hawana adabu, kutwa nipo juu ya dungu navuta kamba ya makopo kuwafukuza.

Leo asubuhi helikopta ya chuo, ile ya kufundishia wanafunzi kuruka chini chini huku bondeni, imenasa kwenye kamba yangu! Ilikuja polepole, inageuka juu ya mpunga, mara makopo yote yakalia kwa pamoja — mkia umeizoa kamba. Ikazunguka kama pia, mara moja na nusu, ikakaa matopeni. Nilianza Ayatul Kursiyyu, nikasahau katikati, nikaanza upya.

Wakatoka wawili, wazima. Mwalimu, Kapteni Feisal, na mwanafunzi wake, binti anaitwa Amal. Matope mpaka kwenye nyusi. Neno la kwanza la binti: "Shikamoo mama. Samahani kwa mpunga." Nikampenda hapo hapo.

Hashimu akaja anacheka. "Mke wangu, nilikwambia kamba ya katani imezidi. Sasa huyu tunamchinjaje?"

Kwelea wote wamehama bonde.

Jumapili, 11 Mei

Jana sikumaliza. Nina jambo.

Niliwapa wageni wali na kambale. Amal akafunua sinia, akakikunja kitambaa vizuri, akaniwekea pajani. Kitambaa chekundu. Ndipo nikakumbuka.

Mwenyekiti wa kijiji alituagiza: mwenye kamba ndefu afunge kitambaa chekundu katikati, rubani aione. Nilifunga. Alhamisi alasiri nikakifungua, nifunikie sinia la hitma ya marehemu mama. Kesho narudisha, nikasema. Kesho nikakifua, nikasahau.

Na kapteni wakati anakula anamgombeza binti: Alhamisi asubuhi kitambaa nilikiona mwenyewe, wewe huangalii mbele. Binti akasema, hakikuwepo, kapteni. Akaambiwa asiongeze uongo juu ya kosa. Wakubwa wa chuo wakimsadiki kapteni, Amal harushi tena.

Na mimi nimekaa nacho pajani, nawakaribisha waongeze mchuzi. Astaghfirullah.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemwambia Hashimu. Kanitazama, kaweka jembe chini. "Kaseme. Watakufanya nini, wakuvunjie dungu?"

Rahisi kwake. Ile mashine si mbuzi wa jirani, useme nimemvunja mguu, tuelewane. Nimeswali istikhara, Mungu anionyeshe la kufanya. Nadhani jibu nilikuwa nalo kabla sijatawadha.

Jumanne, 13 Mei

Mchunguzi wa ajali kaja kutoka Dar, kijana mpole, viatu vizuri mno kwa bonde letu. Kapteni yuko naye. Amal kaachwa gesti Kibiti, anasubiri kuitwa.

Niliandaa chai na vitumbua. Sinia nimelifunika kwa kitambaa kilekile — mikono ilijipangia yenyewe, Wallahi. Mchunguzi akauliza kama nilikuwa na alama kwenye kamba. Nikamwambia: "Baba, funua ule kwanza. Hicho utakachoshika ndicho unachokitafuta."

Kakaa nacho mkononi, kitumbua mdomoni.

Nikamweleza yote: Alhamisi, hitma, kufua, kusahau. Kaandika ukurasa mzima, nikatia sahihi. Kitambaa kakitia kwenye mfuko wa nailoni. Kasema uamuzi juu ya Amal na juu yangu si wake, yeye anaandika tu. Kapteni akatazama matope ya viatu vyake. Hakugusa kitumbua.

Nimemtumia Amal ujumbe. Naunakili hapa nisije nikajidai baadaye nilisema vingine:

"Mwanangu Amal, salamu. Matope yametoka masikioni? Ulisema kweli, kitambaa hakikuwepo. Nilikitoa mimi, na leo nimewaambia. Unisamehe kwa siku tatu nilizonyamaza. Nimefunga kamba mpya, katikati nimetundika khanga yangu nyekundu nzima. Hashimu anasema inaonekana mpaka Utete. Wakikuruhusu, pita tukuone, ila juu kidogo. Nijibu mapema, moyo wangu haujatulia."